Tupeane uzoefu: zawadi na adhabu kazini, nyie mnafanyaje na vijana wenu?

Jamani habari za jioni. Nina bekari hapa Ngamiani, Tanga, vijana tisa. Mwaka jana mkate ukiungua nilikuwa namkata mshahara aliyekuwa zamu, nikaona nimetibu, kumbe nimewafundisha kunificha, trei ikiungua inatolewa usiku mlango wa nyuma inatupwa, sijui chochote mpaka unga ukaanza kuisha kabla ya wakati ndo dada mmoja akanimwagia yote. Iliniuma sana. Nikaacha makato, sasa anayewahi kuniambia ameunguza tunakaa wote tunaangalia oveni. Wenye uzoefu njooni tuambizane.

Babu Mkonge: Mie nilisimamia brashi, yaani sehemu ya kusafisha nyuzi, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Kila Mei Mosi zawadi ya mfanyakazi bora inakwenda ofisini kwa makarani, wakata mkonge wanapiga makofi ya kuitikia tu. Nikamuomba meneja tuwe tunatoa kitu kidogo Jumamosi, palepale, na sababu inatajwa: fulani juzi aliona mkanda wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, unachanika akawahi kusimamisha mashine, shika kilo tano za sembe. Hakuna aliyenuna maana kila mtu aliona alichofanya mwenzie. Ikipita miezi ndo unampa, keshasahau hata alifanya nini.

Mama Chumbageni: Mimi niliwahi kufokewa mbele ya wateja kwa kosa la kweli kabisa. Kosa nimelisahau, kufokewa sijasahau. Muite pembeni.

Afisa Utumishi Tanga: Na msifukuze mtu kwa hasira wapendwa. Kanuni za Utendaji Bora kazini za 2007 zinataka apewe tuhuma zake kwa namna na lugha anayoielewa, apate muda wa kujiandaa, usipungue saa 48, na aje na mfanyakazi mwenzie au mtu wa chama cha wafanyakazi amsaidie. Ukiruka hapo ana siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na unaweza kushindwa hata kama kweli kakosea. Mkuu wa bekari, makato nayo, Sheria ya Ajira, Na. 6 ya 2004, haikuachii ujikatie tu, hasara lazima ithibitike ni kosa lake, akubali kwa maandishi, na hata hapo usivuke robo ya mshahara.

Mwenye bekari: Robo?? Kuna kijana mwezi wa nane nilimkata karibu nusu na hakusaini kitu, na bado yupo, anawasha oveni saa tisa usiku kila siku. Kesho asubuhi namrudishia hela yake.