Paka wangu fizi zimevimba, nimpake nini?

Mama Zai, Nkuhungu
Habari za jioni wapendwa. Nina paka jike wa miaka sita, anaitwa Kashata. Wiki ya pili sasa akiwekewa dagaa anakuja mbio, ananusa, analamba mchuzi, dagaa wenyewe anawaacha. Jana nilimfunga kwenye khanga nikamwinua mdomo. Kwenye mashina ya meno fizi ni nyekundu kama nyama ya buchani, magego yana ukoga wa njano umeganda, na harufu yake inakufikia kabla hujainama.

Nimezunguka maduka ya mifugo pale Majengo. Chanjo za kuku tele, dawa za minyoo za mbuzi tele, ya meno ya paka hakuna. Wifi yangu ananiambia nimpake mafuta ya karafuu kama tulivyopakwa utotoni. Jirani anasema dawa yetu ya meno, kidogo tu kwa pamba. Moyo unasita. Nisaidieni.

Mzee wa Kisasa
Dada, karafuu weka mbali kabisa. Ini la paka haliwezi kuvunja mafuta ya aina hiyo kama letu. Nilimpaka shume wangu tone moja, akatokwa udenda usiku kucha, akawa anapepesuka akigonga kuta. Alipona, lakini sitasahau.

Dawa yetu ya meno nayo hapana. Paka hatemi, anameza yote: floraidi na povu. Na ukimwona anaumia usije ukampa Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Mimi huagiza Dar dawa ya meno ya paka yenyewe, ya vimeng'enya, ladha ya kuku. Hiyo akimeza haina neno. Ukiona nembo ya VOHC, baraza la afya ya meno ya wanyama, ujue imepimwa ikaonekana kweli inapunguza ukoga.

Daktari wa mifugo, Dodoma
Naunga mkono, ila Mama Zai usianze kupiga mswaki sasa. Fizi zinauma, ukimuumiza leo hatakuruhusu tena kugusa mdomo. Na ukoga ulioganda hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa paka akiwa amepigwa sindano ya usingizi.

Angalia nyuma kabisa, taya zinapokutana. Kama wekundu umefika huko, hilo ni tatizo jingine, na mara nyingi dawa yake ni kung'oa meno. Akilifikia hilo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ndiyo ningekupeleka. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, ipo ya wanyama, isiyo na spiriti. Ile ya kusukutulia watu usimtilie.

Kwa sasa mlainishie chakula.

Mama Zai, Nkuhungu
Asante daktari, asante kaka. Nimemwangalia kwa tochi ya simu. Nyuma kwekundu pia, upande wa kushoto kuliko kulia, na alilia nilipofungua. Kesho asubuhi namtia kikapuni nimlete. Chupa ya karafuu nimemrudishia wifi.

Leo nimemchemshia perege wa Mtera bila chumvi, nikatoa miiba yote, nikamponda na maji ya vuguvugu. Amekula vijiko vitatu.