Rose Bird: je, wapiga kura wa California walikosea kumng'oa Jaji Mkuu wao?

Mleta mada: Wakuu, Novemba 1986 Rose Bird alikataliwa kwa takriban kura mbili dhidi ya moja. Kila hukumu ya kifo iliyomfikia, na zilipita sitini, alitaka itenguliwe. Sheria ya adhabu hiyo wananchi waliipitisha wenyewe kwa kura mwaka 1978. Mimi naona walimtendea haki.

Kadhi Mstaafu: Taratibu mkuu. Kwanza hakushindwa na mtu, maana hakuwa na mpinzani. Kule gavana anateua, tume ya watu watatu inathibitisha, kisha uchaguzi wa gavana unaofuata jina la jaji linawekwa peke yake: ndiyo au hapana. Muhula kamili ni miaka 12, ila aliyeziba nafasi anamalizia kwanza ngwe ya mtangulizi. Bird aliteuliwa na Gavana Jerry Brown 1977, akapenya 1978 kwa asilimia 51.7, akarudi kwenye kura 1986.

Pili, kutengua si kumwachia mtu huru. Mwaka 1983, katika kesi ya Carlos, mahakama ya Bird, ya juu kabisa ya jimbo, ilisema muuaji aliyeua akifanya uhalifu mwingine, tuseme ujambazi, hastahili kifo mpaka ithibitike alikusudia kuua. Majaji wengi wa chini hawakuwa wamelielekeza hilo baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi. Hukumu zikaanguka kwa kasoro hiyo hiyo moja. Hayo utayaeleza vipi kwenye tangazo la televisheni la sekunde thelathini?

Mleta mada: Kesi zote lakini? Hata moja haikuwa safi?

Binti Msomi: Hapo mleta mada ana hoja. Karatasi ile ya kura ilikuwa na majaji sita. Bird, Reynoso na Grodin wakaondolewa. Mosk, ambaye naye si mhafidhina, akabaki. Kwa hiyo watu hawakupiga kura kwa upofu. Ila msisahau Bird hakuwahi kuwa jaji kabla ya hapo, na akiwa waziri wa kilimo wa jimbo alishiriki kutunga sheria ya 1975 ya vyama vya vibarua wa mashambani. Maadui alikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Kadhi Mstaafu: Na matokeo yake? Gavana Deukmejian alijaza viti vitatu kwa mpigo, Lucas, aliyekuwa jaji mwenzake Bird, akapanda kuwa Jaji Mkuu, na mwaka 1987, katika kesi ya Anderson, sharti la kusudio likafutwa kwa aliyeua kwa mkono wake. Maneno ya sheria yalikuwa yale yale. Waliobadilika ni majaji.