Harufu ya korona

*Kikundi: UKOO WA BIBI MUHEZA*
*Jumamosi*

05:48 Rehema: Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo. Najua ni mapema, ila sitaki mlisikie hili kwa mtu mwingine. Jana jioni wale wachapishaji wamenijibu. Mswada wa riwaya yangu wameukataa.

05:55 Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Pole sana. Ndio wale uliowapelekea Ramadhani?

05:57 Rehema: Ndio hao, Shangazi. Miezi tisa nasubiri. Jibu lenyewe mistari mitatu: tumepokea, tumesoma, hauendani na mpango wetu wa mwaka huu. Hawakusema pabaya ni wapi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kukataliwa. Wangesema tu sura fulani imelala, ningekaa nayo.

06:04 Mama: Jana nimemkuta jikoni taa imezimwa, chai imepoa mbele yake. Mimi sijui mambo ya vitabu, lakini najua mwanangu anaamka saa kumi usiku kila siku kuandika kabla ya kwenda kazini. Miaka minne hiyo.

06:21 Baba Mdogo Salimu: Marahaba. Rehema, pole. Niseme la moyoni, usinichukie. Miaka minne ni mingi. Pale steshenari unawachapia watu barua na CV, mshahara mdogo, na usiku hulali. Kuna kozi ya uhasibu ya jioni hapa Tanga, ada nakuchangia nusu. Hadithi utaendelea nayo ukishakaa vizuri.

06:33 Rehema: Sikuchukii Baba Mdogo, na ahsante kwa hiyo ada. Lakini nimeshajaribu kuiweka pembeni, wakati ule kompyuta ilipokufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, sura ya 7 yote ikaenda. Kurasa 31. Nikasema basi, imeisha. Nilikaa wiki tatu. Nachapa barua za watu huku kichwani watu wangu wanaendelea kusema. Mwishowe nikanunua kaunta buku, nikaandika sura ile upya kwa mkono chini ya kaunta, mteja akiingia naifunga. Siku hizi kila ukurasa najitumia kwenye baruapepe.

06:40 Kaka Juma (Dar): Dada pole. Kwani lazima wachapishaji? Nimemuuliza jamaa wa kiwandani huku, nakala 500 ni milioni mbili na laki nane. Tukichanga ukoo mzima haishindikani.

06:46 Rehema: Ahsante kaka, nimelifikiria sana. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, si tatizo, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Tatizo ni zile nakala 500 nitaziuza wapi. Maduka ya vitabu yanataka vya shule vilivyo kwenye mtaala. Riwaya ya mtu asiyejulikana wanaipokea kwa mali kauli, wanaiweka rafu ya chini, ukirudi baada ya miezi sita imeuzwa moja. Na mara ya kwanza nilishaliwa laki na nusu ya jalada na mtu aliyeniahidi wiki mbili. Jalada sijaliona mpaka leo. Sitaki pesa zenu ziende huko kabla kitabu hakijaiva.

06:52 Kaka Juma (Dar): Na ile tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi?

06:58 Rehema: Ya Taasisi ya Elimu. Hiyo ndiyo naitazama kila siku. Mshindi wa kwanza wa riwaya anapata milioni 10, na sherehe yake ni tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Nitapeleka. Ila sura ya kwanza haijakaa, nahisi hivyo na sijui inakosa nini.

07:10 Shangazi Mwanahawa: Salimu mdogo wangu, na mimi niseme. Shaaban Robert ni mtu wa hapa hapa Tanga. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, na baada ya hapo akaenda ofisi nyingine za serikali. Vitabu vyake vingi kaandika akiwa mwajiriwa. Basi huyu naye aachwe aandike akiwa steshenari.

07:14 Baba Mdogo Salimu: Dada, sijamkataza. Naona anavyokonda.

07:15 Mama: Hapo kweli shemeji.

09:26 Tatu (Muheza): Shikamooni. Dada Rehema, Bibi amenisikia nikisoma meseji zenu kwa sauti. Ameuliza hicho kitabu kinahusu nini, nikamwambia kinahusu mkonge na manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani. Amenyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kusomewa hata neno moja. Anataka kusikia.

09:31 Rehema: Mungu wangu. Tatu, kweli sijawahi kumsomea. Nilitaka kimalizike kwanza, nimpelekee kikiwa na jalada. Natuma sura ya kwanza sasa hivi. Msomee polepole, akikuambia rudia, rudia.

11:02 Tatu (Muheza): Tumemaliza. Mara mbili. Amekataa nizungumze mimi, amerekodi sauti dakika sita. Naiandika hapa kwa ajili ya Kaka Juma, maana yuko kazini hawezi kusikiliza:

*"Mke mwenzangu, hujambo. Nimesikia. Umeandika vizuri, yule kijana anayeshuka kwenye lori nimemwona kabisa. Lakini umewapeleka watu kukata mkonge jua limeshatoka. Hapana. Babu yako akitoka bado giza, saa kumi na moja, ili amalize kazi yake kabla jua halijamuua. Jingine. Umesema anakata jani anafunga. Mwiba umeuacha wapi? Unakata jani, halafu unaukata mwiba wa pale nchani, ndipo unafunga, majani 30 mzigo mmoja. Ukiacha mwiba, anayebeba utamtoboa jicho. Na utomvu wake unawasha. Babu yako akirudi mikono imechubuka, hawezi kumega ugali wa moto. Tunakaa naye tunauangalia mpaka upoe. Mimi nami nausubiri, siwezi kula mbele yake.*

*Halafu korona yako haina harufu. Umeandika mashine, umeandika kelele, harufu hakuna. Korona bila harufu si korona. Yale makapi ya mkonge yakioza na maji yake, harufu inakufuata mpaka kwenye kanga uliyoifungia sandukuni. Mimi nilikuwa naanika singa, zile nyuzi za mkonge. Nikienda harusini Muheza, sijafika mlangoni watu wameshajua huyu katoka korona. Nikajisikia vibaya. Babu yako akaniambia, wewe nenda, hiyo ndiyo sukari na mafuta ya taa tuliyonayo nyumbani. Basi, ni hayo tu. Sura ya pili ina nani?"*

11:09 Shangazi Mwanahawa: Nimekaa chini. Habari ya ugali sikuwahi kuisikia, na mimi ni mwanawe.

11:12 Kaka Juma (Dar): Samahani, korona gani hii?

11:15 Rehema: Mashine ya kusindika mkonge, kaka, inayotenganisha nyuzi na nyama ya jani. Huku wazee wanaliita hivyo jengo lote.

11:24 Rehema: Bado natetemeka. Miaka minne nimekwenda maktaba, nimenakili kila kitu. Najua mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukafika miche 62 tu mizima. Najua mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani laki mbili. Najua ofisi ya SILABU iliyowaandikisha manamba. Mwiba sikuujua. Ugali unaosubiriwa upoe sikuujua. Bibi yuko umbali wa nauli ya basi, nami nilikuwa namficha mswada mpaka upendeze! Wale wachapishaji hawakuniambia pabaya, Bibi kaniambia kwa dakika sita.

11:30 Mama: Sasa unakula?

11:31 Rehema: Nakula Mama. Nimechukua muhogo.

13:47 Baba Mdogo Salimu: Rehema.

13:47 Baba Mdogo Salimu: Nimetoka kuswali nikaisikiliza ile sauti ya mama yangu. Nimeisikiliza mara tatu. Marehemu baba alinikabidhi kopo la chai, nikaliweka juu ya kabati, sijalifungua tangu matanga. Leo nimelifungua.

13:50 Baba Mdogo Salimu: *[picha]*

13:52 Baba Mdogo Salimu: Hicho ni kipande chake. Kadi ya siku 30, kila siku aliyomaliza kazi inatiwa alama, zikitimia 30 ndipo analipwa. Angalia hii. Alama 28. Mbili hazipo. Sijui aliugua, sijui aliondoka, na sijui kwa nini aliitunza hii kuliko nyingine zote.

13:58 Rehema: Baba Mdogo. Naweza kuishika?

14:01 Baba Mdogo Salimu: Ni yako kwa muda wote utakaoandika. Huenda mama anajua habari ya hizo siku mbili. Mimi sikuwahi kuthubutu kuuliza.

14:06 Tatu (Muheza): Nimemwonyesha Bibi picha. Ameishika simu muda mrefu. Amesema anajua, ila hasemi kwenye simu. Njooni kesho baada ya alasiri, wote wawili. Na Dada Rehema aje na daftari.

14:08 Rehema: Nakuja na kaunta buku mpya.

14:09 Baba Mdogo Salimu: Nitakupitia dukani saa nane. Nauli juu yangu.