Mrejesho: binti yangu na Jumamosi za kuhudumia wazee

Habari zenu wapendwa, ni mimi yule mama niliyeuliza kama nimruhusu binti yangu wa kidato cha pili aende kila Jumamosi na wenzake wa TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki) wa shuleni kwao kuhudumia wazee kwenye kituo cha masista, maana nilihofia mtihani wa taifa. Jamani nilimruhusu, na juzi nikaenda nae nijionee. Wanafua mashuka, wanamenya ndizi, wanawakata wazee kucha, halafu kuna bibi mmoja haoni kabisa, binti yangu anamsomea masomo ya Misa taratibu bibi anaitikia, nilitoka nje nikalia. Hesabu bado zinamsumbua ila hilo lilikuwepo tangu zamani, tuisheni tumehamishia Jumapili jioni.

Aliyeniambia habari za Frédéric Ozanam, kwamba alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu alipoanza na wenzake kusaidia maskini Paris mwaka 1833, asante sana, nilimhadithia akaniuliza "mama, kwa hiyo na huku mtaani tunaweza?" Wiki ijayo wanaanza kwa babu jirani yetu anayeishi peke yake, mi nimeahidi sabuni na unga wa uji.