MJADALA: Mnara wa marubani waliokufa vitani uhamishiwe kambini?

Wadau wa Mwanza, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Jana pale Kirumba tulibishana mpaka chai ikapoa. Swali lilikuwa hili: mnara wa kumbukumbu ya marubani wa jeshi ukiwa kwenye kiwanja cha umma, kisha barabara au soko likahitaji eneo, ni sawa kuuhamishia kambini? Wengi walisema ni sawa, kule utafagiliwa, utapakwa rangi, mbuzi hawataufikia. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Askari wa miguu akifa vitani, mara nyingi kaburi lipo. Nendeni Kaboya, Muleba, mkaone walivyolazwa mashujaa wetu wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Rubani hali yake ni nyingine. Ndege ikiwaka moto au ikizama ziwani, ndugu wanaweza kukosa hata mfupa wa kuzika. Kwao lile jiwe lenye jina ndilo kaburi. Ukilipeleka ndani ya geti, mama wa watu itabidi aombe ruhusa kumzuru mwanawe. Atoe kitambulisho, akae kwenye benchi, pengine aambiwe leo kuna mazoezi, njoo kesho. Na huyo ametoka Ukerewe kwa kivuko!

Halafu sisi wa huku vita vya anga tumeviona. Mwaka 1979 ndege ya Libya, aina ya Tupolev, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, iliulenga mji huu ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane yakaua swala. Huko Musoma nako, vita vikiwa vichanga, wapiga mizinga wetu waliangusha ndege zetu wenyewe wakidhani ni za adui. Hilo la Musoma linaniuma kuliko yote. Habari nzito namna hiyo ukiifungia nyuma ya ukuta, wajukuu zetu hawataijua kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar imesimama katikati ya magari tangu 1927, na hata kondakta wa daladala anaijua.

Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, alinibana vizuri. Alisema: "Kijana, MV Bukoba ilizama ziwani Mei 21, 1996, makaburi yako Igoma. Mbona watu wanakwenda kila mwaka na hawalalamiki kwamba ni mbali na maji?" Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu ni kweli. Lakini Igoma miili imelala pale pale, na anayetaka kuomba dua anaingia tu. Kwa hiyo nakubaliana na mzee nusu: kusogea si kosa, kosa ni geti. Barabara ikilazimu, mnara usogezwe mahali pa wazi, watu wanapopita, na ndugu waulizwe kabla tingatinga halijawashwa, si kupigiwa simu baadaye.

Gharama za kuutunza zisitupotezee muda, halmashauri inayofagia stendi haishindwi kufagia mita chache za mnara.

Kama humu kuna mwenye baba au mjomba aliyerusha ndege wakati ule, naomba aanze yeye. Sisi wengine tumsikilize kwanza.