Ushauri: picha ya Monzón ukutani, niishushe au niiache?

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, na tusitukanane maana najua wapenzi wa ngumi tulivyo.

Nina jim ndogo, nilirithi kwa kocha wangu. Juu ya begi zito kuna picha kubwa ya Carlos Monzón, yule Muargentina, ya Roma 1970 alipomlaza Nino Benvenuti raundi ya 12 akabeba mkanda wa dunia uzito wa kati. Kautetea mara 14, kastaafu 1977 bado bingwa, maisha yake yote kapoteza mapambano 3 tu. Miaka yote nawaambia vijana angalieni jebu ile, ngumi ya mkono wa mbele, angalieni anavyopima umbali, hana papara.

Sasa kuna binti ana miezi miwili hapa, bidii anayo kweli. Juzi anafungua bandeji mkononi akaitazama ile picha, akaniuliza taratibu tu, "kocha, huyu si ndo yule aliyemkaba mzazi mwenzie akamrusha balkoni?" Mi nikajibu kama bwege, "alishafariki huyo, tumwache apumzike." Akanyamaza, akakunja bandeji zake vizuri kuliko siku zote, akaaga. Toka siku hiyo hajaja.

Nifanyeje?

Kona Nyekundu: Mkuu usiyumbishwe. Ukianza kushusha picha za mabondia wenye madoa utabaki na ukuta na kalenda. Jamaa alihukumiwa, akafungwa, akafa. Marehemu hasemwi.

Mama Wawili: Marehemu hasemwi? Alicia Muñiz, huyo mzazi mwenzie, naye ni marehemu, tena alitangulia, Februari 14 1988 pale Mar del Plata. Mwenye uzi katutajia mikanda yote lakini jina la huyu dada hakuna.

Mwenye uzi: Dah. Kweli, sikulitaja.

Raundi ya 13: @Kona Nyekundu hiyo "akafungwa" iweke sawa. Mahakamani alidai waligombana wakaanguka wote, ila uchunguzi ulikuta dalili za kukabwa shingoni, 1989 akapigwa miaka 11. Hakuimaliza, Januari 1995 kafa kwa ajali ya gari akiwa anarudi gerezani, alikuwa kapewa ruhusa ya wikiendi. Na 1990, yuko ndani kabisa, Wamarekani wakamwingiza kwenye jumba lao la heshima la ngumi. Alipokufa maelfu wakajaa kumzika kama shujaa na sanamu akajengewa. Kwa hiyo usiogope kwamba ukishusha karatasi moja historia itamsahau, ana watu wa kumkumbuka kibao.

Kona Nyekundu: Sawa, mimi naongelea ngumi tu, jebu yake haikuua mtu. Vijana wajifunze kwa nani sasa?

Sponji na Ndoo: Kwani lazima atundikwe? Jebu ya kujifunza iko kwenye video, unafungua, unasimamisha, unawaonyesha bega na mguu, unafunga. Picha kubwa juu ya begi hiyo si somo, hiyo ni kumpa mtu heshima, watoto wanainua macho wanamkuta yeye. Mimi nafundisha mapambano yake na Griffith na Nápoles mpaka leo, na nikimaliza nawaambia huyu mtu aliua, basi, kazi inaendelea.

Mama Wawili: Halafu kocha mi naona unahangaika na picha wakati binti hakuuliza habari ya picha. Yuko sehemu imejaa wanaume wenye mikono mizito, alikuwa anapima siku yakimkuta ya kumkuta wewe utakuwa upande gani. Ukamjibu tumwache apumzike. Ningekuwa mimi nisingerudi.

Kona Nyekundu: Hapo Mama umenishika. Ila picha ningeiacha 😅

Mwenye uzi: Wakuu nimesoma yote, hiyo ya Mama Wawili nimeisoma kama mara nne. Picha nimeishusha asubuhi, ukutani kumebaki mstatili msafi na misumari minne, vijana wameshaanza kuuliza na nimewaambia kwa nini, mmoja kacheka, wengine kimya. Binti nimemtumia meseji, "jibu nililokupa siku ile lilikuwa la kijinga, ulichouliza ni kweli, aliua, jina la huyo dada ni Alicia." Tiki mbili za bluu tangu saa tano. Hajajibu.