Maziwe na mama wa miaka 71: boti itoke saa ngapi?

MamaZulfa, Chumbageni

Habari zenu ndugu. Shule zimefungwa, mdogo wangu anakuja Tanga na wanawe wawili kutoka Dodoma. Bahari hao watoto wameiona kwenye simu tu. Nimeshawaahidi Maziwe, kile kisiwa cha mchanga baharini huko Pangani, na mama yangu, miaka 71 na magoti yake, amesema haachwi nyumbani na mtu.

Mpango: Jumamosi tunywe chai taratibu, tutoke Tanga saa tatu, tukale samaki Pangani, boti saa saba mchana, turudi magharibi. Nimehesabu, mwezi utakuwa kumi na sita, kwa hiyo na mbalamwezi tutaipata. Kuna kivuli kule? Choo? Mama atashukaje kwenye boti? Na tutaona viumbe gani hasa? Mkubwa ana miaka tisa, amesoma habari za silikanti, yule samaki wa kale, kitabuni, kila siku ananiuliza kama tutamwona. Sitaki kumdanganya.

Kijana wa Makorora

Dada, saa saba, mwezi kumi na sita? Utakuta kisiwa hakipo.

Sikutanii. Yalinikuta mwaka juzi. Jamaa aliyetupangia safari alituambia muda wowote sawa, akachukua hela yake. Injini ikasumbua kidogo njiani, tukafika saa tisa na kitu. Nahodha akazima, akasema tumefika. Tumefika wapi? Maji matupu, rangi yake tu imepauka kidogo pale katikati. Tukashuka hivyohivyo kwa ubishi, maji ya magoti, shemeji yangu kabeba sufuria la pilau kichwani hana pa kulitua. Tulikula tumesimama. Picha ninazo ila nimekatazwa kuzitoa.

Baba Mkoma

Huyo kijana kasema kweli. Mama Zulfa, kwa Maziwe usiangalie kalenda ya ukutani, angalia mwezi, na wewe mwezi umeshauhesabu, ila umeuhesabia mbalamwezi badala ya maji.

Mwezi kumi na sita ni bamvua, maji yanapwa sana na kujaa sana. Asubuhi maji yanapwa hadi karibu saa tano, na hapo ndipo fungu, yaani ule mchanga wa kisiwa, linatoka lote, jeupe, refu, unatembea mpaka unachoka. Baada ya hapo yanarudi, na ikifika saa kumi na moja jioni yamejaa tele na fungu limezama. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Kwenye maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana, ukienda mchana huharibikiwi, lakini pia huoni miamba ikichomoza. Kwa hiyo bamvua yako ni nzuri, saa ndiyo mbaya. Laleni Pangani Ijumaa, boti iondoke saa mbili asubuhi. Na upepo wa kaskazi ukishaanza, asubuhi ndiyo kuna utulivu, alasiri upepo unapanda. Mama mzee msimloweshe bure.

Kivuli hakuna. Hakuna mti hata mmoja. Mimi nimezaliwa 1964, na Maziwe niliyopelekwa na mjomba nikiwa mtoto ilikuwa na mivinje. Wavuvi wakipiga dago pale, yaani kambi yao, wanakausha samaki, usiku unasikia upepo kwenye ile mivinje unafikiri mvua. Kasa walikuwa wakipanda kutaga, aina tatu, na ndiyo sababu serikali ikatangaza hifadhi mwaka 1975. Haikupita miaka kumi miti yote ikawa imekwisha. Wengine wanasema ilikatwa, wengine wanasema bahari imekula mchanga. Mimi naona vyote viwili: ukishaondoa mzizi, mchanga unashikwa na nini? Kasa mpaka leo wanakumbuka, wanapanda kutaga hapohapo, lakini bamvua ikija inafunika mayai. Ndiyo maana yamekuwa yakihamishiwa ufukwe wa Ushongo, yanafukiwa upya, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka. Ukiwa Ushongo ulizia, ukibahatika utawaona wakikimbilia maji.

Choo hakipo. Mama amalize mambo yake Pangani, na chukueni turubai na miti minne. Kushuka ni rahisi: beba kigoda cha plastiki, boti ikishagusa mchanga mtu anakishika ndani ya maji, mama anakanyaga kigoda, mkono mmoja begani kwa mtu. Asiruke.

Viumbe. Kwanza mtakutana na kaa weupe wa mchangani, wanakimbia ubavu, watoto watawafukuza mpaka wachoke na hawatamshika hata mmoja. Ncha ya fungu wanakaa ndege wa baharini, wote wameelekea upepo. Msiwafukuze, wamechoka wale. Kwenye miamba vaeni miwani ya kuzamia muweke uso majini tu, hakuna haja ya kwenda kina kirefu. Samaki pono utamsikia kabla hujamwona: kru, kru, kama mtu anatafuna bisi. Anauma matumbawe, na kinachomtoka nyuma ni mchanga. Mwambie huyo wa miaka tisa kwamba sehemu ya mchanga anaokanyaga imepita tumboni mwa pono, utaona uso wake.

Wakitembea kwenye maji ya kifundo waburute miguu, wasinyanyue, maana samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake haufai. Kombe na makoa wayaache. Ni hifadhi, na yale makoa yenye umbo la pia mengine yana sumu. Kiingilio mnalipia, dai risiti.

Wa Kigombe

Silikanti ni samaki wa kwetu huku, si wa Maziwe. Anakaa kwenye giza, mita mia na zaidi chini. Alianza kunaswa kwenye nyavu za jarife mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wakashangaa samaki gani huyu mwenye mapezi kama miguu, na hifadhi yake ikatangazwa 2009. Wa hai hutamwona, dada. Mwambie mtoto ukweli tu.

MamaZulfa, Chumbageni

Shikamoo Baba Mkoma. Nilivyosoma nimecheka peke yangu, mwezi nimeuhesabia mbalamwezi! Nimebadilisha, tunalala Pangani Ijumaa. Huyo mtoto nimemwambia kuhusu silikanti, amenuna dakika tano, halafu akauliza mita mia ni minazi mingapi.

Baba Mkoma

Marahaba mwanangu. Mjibu, ukiipanga mmoja juu ya mwingine, minne au mitano mirefu.

MamaZulfa, Chumbageni

Narudi na mrejesho.

Tulishuka saa tatu na nusu. Kigoda kimefanya kazi, ila mama alipofika chini alikataa kukiachia. Alikaa nacho palepale maji yanamgusa miguu, kanga kichwani, akasema hapa ndipo magoti yangu yamepona, nyie nendeni. Turubai letu lilipeperuka mara mbili, mara ya pili nahodha akalifunga na nanga.

Pono tulimsikia. Mtoto alitoa kichwa majini akapiga kelele, "Anatafuna!" Kasa tulimwona mmoja tu, tukiwa njiani kurudi: kichwa kilitoka, akavuta pumzi tukaisikia, akazama. Yule mtoto mdogo hakumwona, alikuwa analilia chapati. Kaa alikuwa ameinyakua pale kwenye mkeka, akarudi nyumanyuma nayo hadi shimoni, na ile chapati ni kubwa kuliko yeye, ikabaki imeziba mlango.

Saa saba na nusu nahodha akasema tupande. Fungu lilikuwa limebaki kama uwanja wa netiboli, na wale ndege wa ncha wamesogea mpaka karibu na vyombo vyetu. Makorora, pilau letu tulikula tumekaa. Pole kwa shemeji.